Kupiga picha za ziwa baada ya jua kuzama: mwongozo kamili kwa miezi ya baridi Uganda

Kila baada ya wikiendi naletewa picha za ziwa zenye ugonjwa uleule. Anga limeungua likawa jeupe, mtumbwi umebaki donge jeusi, na mstari wa maji umelala upande. Mwenye kamera ya mamilioni na mwenye simu ya laki tatu wanakosea mahali pamoja, kwa hiyo tusilaumu vifaa.

Tatizo ni saa. Hapa tuko kwenye ikweta, na jua letu linashuka karibu wima. London katikati ya Desemba, tangu jua lizame hadi mwanga wa kuonea bila taa uishe, mpiga picha ana kama dakika 40. Entebbe unapata dakika 21 hadi 23, iwe Juni au Machi. Ndani ya dakika hizo mwanga unapungua nusu kila baada ya dakika tatu hivi. Ukianza kutafuta vitufe jua likishazama, umeshachelewa.

Kwa hiyo kazi kubwa hapa inafanyika kabla. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya Juni, Julai na Agosti, miezi ya ubaridi na mvua chache kusini mwa nchi, lakini hatua zake zinafaa mwaka mzima.

## Vitu vya kuwa navyo

Kamera inayokuruhusu kupanga mwanga kwa mkono, au simu yenye hali ya Pro na hali ya usiku. Lenzi ya kit inayokuja na kamera, ile ya milimita 18 hadi 55, inatosha. Usikope lenzi ya bei mbaya kwa kazi hii.

Tripodi. Hapa sibishani na mtu. Bila tripodi utapata picha mbili tatu za mwanzo, kisha dakika kumi zilizo bora kuliko zote zitakupita mkononi. Ya simu inauzwa kwa bei nafuu madukani Kampala. Kabla ya kulipa, hakikisha miguu haitetemeki ukiigusa juu.

Betri iliyojaa na kadi yenye nafasi. Kitambaa kikavu cha lenzi pamoja na brashi laini. Tochi ndogo, na kama haina mwanga mwekundu, funga kipande cha plastiki chekundu mbele yake. Sababu utaiona hatua ya 6. Buti au viatu vilivyofunika mguu, sweta, na pesa ya boda ya kurudi ambayo hukuichanganya na pesa nyingine.

## Hatua ya 1: Chagua ufuko kwa dira

Watu wengi huenda ufuko wanaoupenda kwa samaki wake, wakifika wanakuta jua linazama nyuma ya majengo. Ggaba na Munyonyo ziko upande wa magharibi wa Ghuba ya Murchison na zinatazama mashariki. Utakula ngege mzuri pale, lakini jua litazama mgongoni kwako. Bukakata, kule Masaka, ni hivyohivyo: panafaa alfajiri.

Kwa jua linalozama mbele yako juu ya maji, tafuta ufuko ulio mashariki ya maji. Nakiwogo, upande wa magharibi wa Entebbe, inakupa ghuba na feri ya Kalangala. Jinja, ukisimama upande wa mji, jua linazama ng'ambo ya Nile upande wa Njeru. Na kama una siku mbili za safari, nenda Butiaba kwenye Ziwa Albert: maji mbele, milima ya Kongo nyuma yake, na jua linashukia hukohuko. Sijaona ufuko mwingine Uganda unaomrahisishia mpiga picha kazi namna hiyo.

Sasa fungua dira ya simu. Mwishoni mwa Juni jua linazama kwenye nyuzi 293 hivi, yaani kulia kwa magharibi kamili. Machi na Septemba ni 270. Desemba linahamia kushoto, karibu 247. Nyoosha mkono ukunje ngumi: upana wa ngumi ni kama nyuzi kumi. Picha uliyoiona mtandaoni jua likiwa katikati ya ghuba mwezi wa Desemba, Juni utalikuta zaidi ya ngumi nne kulia kwake, pengine nyuma ya kilima.

Na kama huna njia ila Ggaba? Nenda siku moja kabla ya mwezi mpevu. Jioni hiyo mwezi unachomoza mashariki kabla ya jua kuzama, na unaupata juu ya maji wakati mitumbwi bado ina mwanga. Siku ya mwezi mpevu wenyewe mara nyingi unakuja wakati nchi imeshaanza kuwa nyeusi.

Umefaulu kama: unaweza kunyoosha kidole na kusema jua litagusa wapi, saa mbili kabla halijagusa.

## Hatua ya 2: Jua saa yako

Saa za machweo yetu hubadilika kidogo, lakini hubadilika. Mwanzoni mwa Novemba jua la Kampala na Entebbe huzama karibu saa 12:37 jioni, na katikati ya Februari karibu saa 1:07. Mwishoni mwa Juni ni saa 12:55 hivi, na mwishoni mwa Julai ni saa moja kamili. Butiaba, kwa kuwa iko magharibi zaidi, ongeza dakika kama tano.

Kabla hujatoka nyumbani, saa kumi na moja, tazama magharibi. Unachotaka ni mawingu ya juu yaliyotawanyika na mwanya ulio wazi karibu na upeo wa macho. Mwanya huo ndio mlango: jua likishazama, miale hupita hapo na kupaka mawingu rangi kutoka chini. Ukiona ukuta mweusi wa wingu umekaa chini kabisa, rangi hazitakuja, na unaweza kuokoa nauli. Anga tupu lisilo na wingu hata moja nalo halivutii, ila kwa wanaopiga maumbo meusi.

Miezi hii ya kiangazi kifupi kuna vumbi na moshi wa kuchoma mashamba. Jua linakuwa jekundu mapema, kisha linapotea kabla ya kufika chini. Jioni inayofuata mvua ya mchana ndiyo ya kuacha kila kitu na kukimbilia ziwani.

Fika saa moja nzima kabla ya machweo. Ukisikia adhana ya magharibi kutoka msikiti wa jirani, tripodi iwe imesimama zamani.

## Hatua ya 3: Ongea na wenye mwalo

Mwalo, yaani ufuko mitumbwi ya uvuvi inapotua, ni mahali pa kazi za watu. Kuna mama anayeanika mukene (dagaa wa ziwani), kuna baharia anayetengeneza wavu, kuna mnunuzi anayebishana bei. Ukitoa kamera bila salamu, wengine watadhani umetumwa na serikali. Doria za uvuvi zimewatia watu wengi hasara, na wavuvi hawajasahau.

Tafuta mkubwa wa mwalo au mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji. Salimia kwanza, kwa Luganda kama unaijua kidogo: "Ssebo, osiibye otya?" Halafu sema unachotaka kwa Kiswahili chako: "Naomba kupiga picha za mitumbwi jua likizama, watu sitawapiga bila kuwauliza." Akikuelekeza mtu wa kukaa nawe, kubali. Huyo ndiye atakayekuambia wapi maji ni mabaya na nani hapendi kamera.

Onyo: usielekeze lenzi kwa wanajeshi, boti za doria, uwanja wa ndege wala kituo chochote cha ulinzi. Entebbe hasa, geuka uangalie nyuma ya mtumbwi wako kuna nini kabla ya kubonyeza. Droni usiirushe bila vibali. Kuileta "kujaribu tu" kunaweza kukulaza mahabusu.

## Hatua ya 4: Tafuta kitu cha mbele

Hapa ndipo picha inapojengwa, na ndipo wengi wanapopita haraka. Anga peke yake halitoshi. Kesho litakuwa na rangi nyingine, na aliyekaa Mwanza ana lake zuri vilevile. Kinachoifanya picha iwe ya Nakiwogo ni kilicho mita tatu mbele yako.

Mtumbwi wa mbao ndio wa kuanzia. Usiupige wote kutoka mbali. Sogea mpaka uone misumari, lami nyeusi iliyozibia nyufa, namba ya usajili iliyopakwa rangi kwa mkono, maji kidogo yaliyobaki sakafuni. Maji hayo yakiakisi anga la rangi ya chungwa, umepata picha ndani ya mtumbwi.

Chuchumaa. Kamera ikiwa usawa wa goti, ncha ya mtumbwi inapanda juu ya mstari wa maji na kusimama wazi mbele ya anga. Ukisimama wima, ncha inazama kwenye maji meusi na kupotea. Tofauti ni ya mita moja hivi tu.

Angalia pia mapengo. Watu wawili waliosimama wakiwa wamegusana huwa kitu kimoja chenye vichwa viwili jua likishazama. Subiri waachane, ili mwanga upite katikati. Kaloli, yule korongo mkubwa, akisimama juu ya nguzo ni zawadi, kwa sababu ana umbo lisilochanganywa na kitu na hana haraka ya kuondoka.

Onyo kubwa la hatua hii: usiingie majini kutafuta pembe nzuri. Kichocho kipo kwenye fuko za Ziwa Victoria na Ziwa Albert, na vimelea vyake hupenya kwenye ngozi ya mtu aliyesimama maji ya magotini. Sehemu zenye viboko, jioni ndiyo saa yao ya kutoka kwenda malishoni. Usisimame kati ya kiboko na maji, na usiulize mtandao kama wapo, uliza wavuvi.

## Hatua ya 5: Funga kila kitu kabla jua halijazama

Una kama nusu saa. Fuata mpangilio huu.

Simamisha tripodi na ukandamize miguu yake mchangani mpaka isishuke tena. Usipandishe nguzo ya katikati, maana upepo wa kusini-mashariki wa miezi hii huitikisa. Tundika mkoba chini ya tripodi kama una ndoano. Halafu zima kitulizi cha lenzi: juu ya tripodi, baadhi ya lenzi huanza kutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuuleta zenyewe.

Nyoosha mstari wa maji kwa kutumia mistari ya gridi kwenye skrini. Usiuweke katikati. Kama anga ndilo zuri, liachie theluthi mbili za picha. Kama mtumbwi na maji vina mambo mengi, shusha kamera.

Weka mpangilio wa rangi (white balance, WB) kwenye alama ya jua, si kwenye otomatiki. Kamera ikiachiwa rangi, huona chungwa la machweo kama kosa na kulisafisha. Hivyo ndivyo picha inavyorudi na kijivu.

Fokasi sasa, mwanga ungalipo. Lenga maandishi ya namba ya mtumbwi, kuza skrini uhakikishe yanasomeka, kisha hamisha lenzi kwenye MF (fokasi ya mkono) usiiguse tena. Kwa lenzi ya milimita 18 kwenye kamera ndogo ya kawaida, tundu la lenzi likiwa f/8, ukifokasi mita mbili na nusu mbele, kila kitu kuanzia mita moja na nusu hadi ng'ambo kitakuwa kikali cha kutosha. Giza likiingia, fokasi ya otomatiki huanza kwenda mbele na nyuma bila kushika, na dakika zako zinaondoka nayo.

Weka ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 100, f/8, kihesabu cha sekunde mbili ili kidole chako kisitikise kamera, na faili za RAW (picha ghafi) kama kamera inazo.

Kwa simu: bonyeza skrini kwa kidole na ukishikilie mpaka alama ya kufuli itokee, kisha vuta mwanga chini hadi rangi za anga zionekane. Zima flashi kabisa. Futa lenzi, simu inayoshinda mfukoni ina mafuta ya vidole, na jua huyageuza kuwa ukungu.

Umefaulu kama: unaweza kuondoa mikono yote miwili, na kubaki na kazi moja tu ya kubadilisha kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga.

## Hatua ya 6: Dakika thelathini zenyewe

*Jua likigusa maji.* Pima mwanga wa anga pembeni ya jua, usipime jua lenyewe. Anza na shata ya 1/125 ya sekunde. Mitumbwi itakuwa myeusi, na iache hivyo, huu ni wakati wa maumbo. Usitazame jua kupitia kitundu cha kamera lingali kali.

*Dakika tano baada ya kuzama.* Hapa watu hukunja vifaa. Mwacheni aende anayetaka kwenda. Kama mwanya uko wazi, mawingu ya juu yanaanza kuwaka waridi na zambarau, na mwanga laini unarudi kwenye mbao za mtumbwi. Anza na 1/15. Tazama grafu ya mwanga (histogram) kwenye skrini: ikigonga ukuta wa kulia, anga linaungua, ongeza kasi.

*Dakika kumi hadi kumi na tano.* Shata inashuka hadi robo sekunde, kisha nusu, kisha sekunde nzima. Mtumbwi unaoelea utatoka na ukungu, kwa sababu hausimami hata sekunde moja. Chagua: piga uliovutwa mchangani na uache maji yalainike, au pandisha ISO hadi 1600, fungua tundu kadiri lenzi inavyokubali, na upate 1/60 yenye chengachenga kidogo. Chenga zinavumilika. Baharia mwenye vichwa vitatu havumiliki.

*Dakika kumi na tano hadi thelathini.* Anga linakuwa buluu nzito, na taa za mwalo zinaanza kulingana nalo. Picha ya siku nzima iko hapa. Sekunde mbili, nne, nane, hadi kumi na tano. Piga, angalia, ongeza. Kamera ya otomatiki ingeifanya jioni iwe kama mchana, kwa hiyo ukitumia hali yoyote isiyo ya mkono, punguza mwanga kwa nusu (alama ya -1). Mwenye simu atumie hali ya usiku akiwa ameiweka kwenye tripodi, aiache imalize kuhesabu.

Siku zisizo na mbalamwezi wavuvi wa mukene hutoka na taa. Karibu na mwezi mpevu wengi hupumzika, maana mwanga wa taa hauvuti dagaa mwezi ukiwa mkali. Ukitaka mstari wa taa juu ya maji, angalia kalenda ya mwezi kabla ya kalenda yako.

Sasa ile tochi nyekundu. Wadudu wa ziwani hupanda kwa mawingu yanayofanana na moshi, na mwanga mweupe huwaita. Ukiwasha flashi, kila mdudu anakuwa doa jeupe kwenye picha. Wakitua kwenye lenzi, wapeperushe kwa brashi. Ukiwafuta kwa kitambaa utawapaka.

Onyo: ngurumo ikisikika, kunja. Ziwa Victoria ni maarufu kwa radi za usiku, na wewe umesimama ufukoni ukishika chuma kirefu.

## Hatua ya 7: Nyumbani

Usihariri usiku huohuo kwenye skrini iliyowaka mpaka mwisho. Utaifanya picha nyeusi kupita kiasi. Kesho yake, nyoosha mstari wa maji kwanza, shusha sehemu kali za anga, kisha pandisha vivuli kidogo tu, mpaka namba ya mtumbwi isomeke. Ukivipandisha zaidi, chenga zitatoka kila kona. Rangi iache karibu na ilivyokuwa. Chungwa lililoongezwa hadi mwisho linamdanganya asiyewahi kufika ziwani.

Ukimtumia mtu kwa WhatsApp, tuma kama hati, usitume kama picha, la sivyo inabanwa na anga linatoka na ngazingazi.

## Picha ikirudi na kasoro

Kila kitu kina ukungu, hata mawe: tripodi imetikisika au kitulizi hakikuzimwa. Mawe makali, mtumbwi una ukungu: shata ilikuwa ya polepole kwa kitu kinachoelea. Mbele pana ukungu na mbali pakali: ulifokasi kwenye anga. Duara za rangi juu ya maji: lenzi ilikuwa chafu, au kichujio cha bei rahisi kilibaki mbele yake, kivue kabisa. Anga zuri na chini kweusi tii dakika kumi baada ya machweo: piga mbili bila kusogeza tripodi, moja ya anga na nyingine yenye mwanga mara nne zaidi, kisha uziunganishe kwenye programu.

Na yule baharia uliyempiga, mpelekee nakala iliyochapishwa. Safari ijayo yeye ndiye atakayekuvutia mtumbwi mahali unapoutaka.